Shamba Lina Historia: Ulizeni Kabla ya Kupanda Mboga



Tuseme kikundi cha akina mama kumi na watano kinatafuta mahali pa kupanda mboga. Shamba za nyumbani zimekuwa ndogo. Baba aligawia wanawe, wanawe wakagawia wao, na kile kilichobaki kina majani chai na mahindi kidogo. Basi siku moja mwenye ploti pale sokoni anawaambia, "Akina mama, huko nyuma ya ile gereji ya zamani pako wazi tu. Limeni, mimi sitaki kodi."

Kikundi kinafurahi. Wanaingia na majembe, wanaokota vyuma na chupa, wanapanda sukuma wiki, managu na chinsaga. Udongo ni mweusi na laini. Baada ya wiki chache mboga zimenawiri, majani mapana, rangi ya kijani kibichi. Nyingine zinauzwa sokoni, nyingine zinapelekwa shule ya chekechea ili watoto wapate chakula cha mchana.

Je, kuna ubaya? Pengine hakuna. Pengine uko, tena mkubwa. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza swali hili: Hapa palikuwa na nini kabla yetu? Makala hii inaeleza kwa nini swali hilo ni la lazima, na kikundi kifanye nini kikipata jibu lisilopendeza.

METALI NZITO NI NINI?

Udongo wote una metali ndani yake. Wekundu wa udongo wetu wa Nyamira unatokana na chuma, na hiyo si sumu. Mwili wetu wenyewe unahitaji chuma kwa ajili ya damu, na zinki na shaba kwa kiasi kidogo sana. Kwa hiyo mtu asiogope udongo mwekundu wa shamba lake.

Zipo metali nyingine ambazo mwili hauna kazi nazo hata kidogo. Tutazitaja tatu. Ya kwanza ni risasi, ile inayowekwa ndani ya betri za gari na za sola. Ya pili ni kadimiamu, ambayo imo katika aina fulani za betri za kuchaji, katika rangi fulani, na kwa kiasi kidogo katika baadhi ya mbolea za fosfeti. Ya tatu ni aseniki, ambayo zamani ilitumiwa kuogeshea ng'ombe kwenye majosho ili kuua kupe.

Tabia ya metali hizi ni moja: hazioki na hazifi. Kinyesi cha ng'ombe kikimwagwa shambani, baada ya muda kinakuwa mbolea. Hata dawa nyingi za wadudu huvunjika polepole. Risasi haivunjiki. Ikimwagika leo, wajukuu wetu wataikuta hapo hapo. Kwa mfano, petroli yenye risasi iliuzwa nchini Kenya hadi ilipokomeshwa mwaka 2006. Moshi wake ulitua kando ya barabara kuu miaka mingi, na risasi iliyotua haikuondoka siku petroli ilipobadilishwa. Mtu husahau, udongo hausahau.

ZINATOKA WAPI HAPA KWETU?

Mtu atasema, "Nyamira hatuna viwanda vikubwa, hayo ni ya Nairobi na Mombasa." Ni kweli kwamba mashamba yetu mengi ni safi, na tumshukuru Mungu. Lakini hebu tutembee sokoni. Karibu kila soko kubwa, liwe Keroka, Nyansiongo au Nyamira mjini, lina mafundi wa gereji, welda na watu wa vyuma kuukuu. Hao ni ndugu zetu wanaotafuta riziki, nasi hatuwalaumu. Ila tuangalie mambo haya:

1. Mahali betri za gari au za sola zilipofunguliwa na maji yake kumwagwa. Siku hizi nyumba nyingi zina sola, na betri ikifa watu hujaribu kuifungua ili kuitengeneza au kuuza risasi iliyo ndani.

2. Nyuma ya gereji, mahali pa kupaka magari rangi, na mahali pa kuosha magari kando ya mto.

3. Jalala la soko, hasa pale takataka zinapochomwa. Plastiki, rangi na betri za tochi zikichomwa, metali hubaki kwenye majivu.

4. Majosho ya zamani yaliyoachwa. Udongo wa hapo una samadi nyingi na mboga hustawi, ndiyo maana watu hupapenda. Lakini majosho ya wakati wa mkoloni yalitumia aseniki, na baadaye zikaja dawa nyingine kali.

5. Bonde linalopokea maji ya mitaro kutoka mjini. Wakati wa kiangazi ndiko mboga hupandwa, kwa sababu kuna unyevu.

6. Ukingo wa barabara kuu yenye magari mengi.

7. Shamba la kahawa la miaka mingi, ambalo lilinyunyiziwa dawa ya shaba mara kwa mara. Shaba ikizidi sana huharibu udongo na kudhoofisha mimea.

Ili tuone jinsi kidogo kinavyotosha kuharibu, tupige hesabu. Betri moja ya gari ina risasi kama kilo 8 au zaidi. Chukua bustani ya futi 30 kwa futi 30, iliyolimwa kina cha inchi 8. Udongo wa bustani hiyo una uzito wa karibu tani 20, yaani kilo 20,000. Risasi ya betri moja tu ikichanganyika humo yote, kila kilo ya udongo itakuwa na miligramu 400 za risasi. Kumbukeni hesabu hiyo, tutaikuta tena tukifika Dandora.

INAINGIAJE KWENYE SUFURIA?

Kuna njia mbili, na ni muhimu kuzitofautisha, kwa sababu kila moja ina dawa yake.

Njia ya kwanza ni mizizi. Mmea hunywa maji ya udongoni pamoja na vilivyoyeyuka ndani yake. Kadimiamu hupanda kwa urahisi na kufika kwenye majani. Ndiyo sababu mboga za majani hubeba kadimiamu nyingi kuliko mahindi au maharagwe. Risasi ni nzito kupanda, sehemu kubwa hubaki kwenye mizizi.

Njia ya pili ni vumbi na matope. Mvua ikipiga udongo, matone hurusha matope kwenye majani ya chini. Upepo nao huleta vumbi. Kwa upande wa risasi, hii ndiyo njia kubwa. Majani yenye mikunjo kama sukuma wiki, na yenye manyoya na kunata kama chinsaga, hushika vumbi vizuri sana. Viazi na karoti hubeba udongo kwenye ngozi.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi watu wa nyanda za juu. Udongo wetu una asidi. Mvua ni nyingi, na mbolea zenye amonia kama DAP, zikitiwa kila mwaka, huongeza asidi hiyo. Chai inaipenda. Lakini katika udongo wa asidi metali huyeyuka zaidi na mmea huzinywa zaidi. Maana yake ni kwamba uchafu ule ule ukiwa katika udongo wetu, mboga zinaweza kuubeba kuliko zingekuwa katika udongo usio na asidi.

Wasomaji wa Biblia wanakumbuka habari ya chungu cha Gilgali wakati wa nabii Elisha, katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4. Ilikuwa njaa. Mtu alikwenda kuchuma mboga kondeni, akaleta matango-mwitu asiyoyajua, akayatia chunguni. Hakuwa na nia mbaya, alitaka watu wale. Walipoonja wakatambua mara moja na wakapiga kelele. Sisi shida yetu ni kubwa kuliko yao. Risasi haina uchungu mdomoni. Haina harufu. Haigeuzi rangi ya mboga. Mboga ya udongo mchafu inaweza kuwa tamu na nzuri kuliko ya jirani. Kwa hiyo ulimi na macho haviwezi kutulinda. Kinachotulinda ni kuuliza.

INAFANYA NINI MWILINI?

Tuanze na watoto, maana wao ndio wanaoumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka kiasi kile kile alichomeza. Tena mtoto hucheza chini na kutia mikono mdomoni. Ubongo wake bado unajengwa, na risasi huharibu ujenzi huo. Shirika hilo linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Ubaya wake hauji kwa kishindo. Mtoto haanguki siku aliyokula. Yeye huonekana mchovu, damu kidogo, tumbo linamsokota, hapati choo vizuri, hana hamu ya chakula. Shuleni hashiki masomo, hatulii, anakasirika haraka. Sisi tunasema ana minyoo, au ni malaria. Mwalimu anasema ni mtundu. Nyumbani anachapwa kwa sababu ya namba alizokosa, na kumbe si kosa lake. Akili iliyopunguzwa na risasi utotoni kwa kawaida hairudi, hata damu ikisafishwa.

Kwa mama mjamzito, risasi huweza kuharibu mimba, kumleta mtoto kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo. Mwili hudhani risasi ni kalisi, hivyo huihifadhi ndani ya mifupa, na inaweza kukaa humo miongo mingi. Mama akishika mimba, mifupa hutoa kalisi ili kumjenga mtoto, na risasi nayo hutoka. Kwa hiyo msichana anayekula risasi leo anaweza kumpa mtoto atakayemzaa baada ya miaka kumi.

Kwa watu wazima wote, risasi hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo.

Kadimiamu nayo hujilimbikiza kwenye figo, na hukaa humo miaka 10 hadi 30. Huko Japani, watu wa bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama, walimwagilia mashamba yao ya mpunga maji yaliyotoka kwenye mgodi juu ya mto. Walikula wali wao wenyewe miaka mingi. Akina mama wenye umri mkubwa, hasa waliozaa watoto wengi, wakaharibika figo na mifupa, ikawa inavunjika kwa jambo dogo tu. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwa kilio cha maumivu, "itai-itai", kama sisi tungesema "uchungu, uchungu". Serikali ya Japani ilikubali mwaka 1968 kwamba chanzo ni kadimiamu. Kazi ya kutengeneza upya udongo wa mashamba hayo ilichukua zaidi ya miaka 30, ikamalizika mwaka 2012. Hiyo ni nchi tajiri yenye mashine. Je, sisi wa jembe na karai tutaweza? Afadhali kuzuia.

YALIYOTOKEA HAPA KENYA

Jalala la Dandora, Nairobi, lilianza katika miaka ya 1970. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti ya uchunguzi uliofanywa kwa kushirikiana na Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, Korogocho. Watoto na vijana 328 wanaoishi karibu na jalala hilo walichunguzwa. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu sawa na kiwango cha hatari cha wakati huo au kukipita. Udongo nao ulipimwa. Katika sampuli 42 kati ya kila 100, risasi ilikuwa zaidi ya miligramu 400 kwa kilo, na udongo usiochafuliwa huwa na kama 50. Sasa rudini kwenye hesabu yetu ya betri moja. Bustani yetu ya futi 30 kwa 30 inafikia pale pale, miligramu 400. Ndiyo kusema, mtu hahitaji kuishi karibu na jalala la Nairobi ili apate udongo kama wa Dandora. Betri moja iliyopasuliwa nyuma ya duka inatosha.

Kule Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa karibu na nyumba za watu. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, mtoto wake aliugua sana, na hospitalini ikagunduliwa ana risasi mwilini. Mama huyo hakunyamaza. Aliwakusanya majirani, wakaandamana, wakaandika barua, na yeye akakamatwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama mjini Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi iliendelea kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaunga mkono wakazi. Fidia ni haki yao, lakini hakuna shilingi inayoweza kumrudishia mtoto akili. Tunajifunza mawili: mama wa kawaida anaweza kusema na akasikika, na kungojea hadi watoto waugue ni kuchelewa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, ulizeni historia ya ploti. Kabla ya kuingiza jembe, watu wawili au watatu waende kwa wazee wa mtaa, kwa chifu msaidizi na kwa majirani. Waulize: Miaka 30 iliyopita hapa palikuwa na nini? Kulikuwa na josho? Gereji? Jalala? Maji ya mvua yanatoka wapi kuja hapa? Wazee wanajua mengi, ila hawaulizwi. Andikeni majibu kwenye kitabu cha kikundi.

Pili, tembeeni ploti yote na kuangalia. Vipande vya betri, bati za risasi, udongo wenye mafuta, rangi iliyobanduka, majivu ya takataka, na sehemu ambapo hata majani hayaoti, ni dalili. Lakini dalili zikikosekana si hoja ya kusema ni safi.

Tatu, kama kuna shaka, pimeni udongo. Chukueni udongo kidogo kutoka sehemu kumi hadi kumi na tano za ploti, kina cha inchi 8. Changanyeni kwenye ndoo safi ya plastiki, si ya bati. Toeni kama nusu kilo, anikeni kivulini, tieni kwenye mfuko safi na mwandike jina la mahali na tarehe. Afisa wa kilimo wa wadi, au ofisi ya KALRO pale Kisii, wataeleza maabara ya kupeleka. Hapa watu wengi hukosea: kipimo cha kawaida cha udongo huonyesha asidi na rutuba tu. Lazima mwombe kwa maneno kupimiwa metali nzito, na mtaje risasi, kadimiamu na aseniki. Ni ghali kidogo, kwa hiyo vikundi viwili au vitatu vya jirani vinaweza kuchanga.

Nne, kama ploti ni chafu na hamna nyingine, msipande mboga kwenye udongo huo. Pandeni kwenye magunia yaliyojazwa udongo safi na mboji, au jengeni kitalu kilichoinuliwa. Tandikeni magunia mazito chini, kisha mjaze udongo safi wa kina cha futi moja. Sehemu iliyobaki ifunikeni kwa nyasi au muipande miti ya mbao, ili vumbi lisiruke. Msipande nepia ya ng'ombe hapo, na ng'ombe asifungwe karibu na betri kuukuu. Ng'ombe huzilamba na wanaweza kufa.

Tano, kama shaka ni ndogo tu, kwa mfano shamba liko karibu na barabara, acheni mboga za majani zikae mbali na barabara, na pandeni ua mnene katikati. Upande wa barabara pandeni mahindi au maharagwe, kwa sababu punje hubeba metali kidogo kuliko majani. Tandazeni nyasi kavu chini ya mboga ili mvua isirushe matope.

Sita, punguzeni asidi. Tieni chokaa ya kilimo kwa kipimo mtakachopewa baada ya kupima udongo, pamoja na mboji nyingi. Chokaa na mboji haziondoi metali, ila huzishika ili mmea usizinywe sana. Majivu ya kuni safi yanafaa. Majivu ya takataka, ya mbao zilizopakwa rangi au ya plastiki yasiingie shambani kamwe.

Saba, osheni mboga kabla ya kukatakata. Tupeni majani ya nje na ya chini yaliyogusa udongo. Tumieni maji safi mara mbili au tatu, mkisugua kila jani. Menyeni viazi na karoti. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Viatu na nguo za gereji zisiingie jikoni, na baba fundi aoge kabla ya kumbeba mtoto.

Nane, tieni mwili nguvu ya kukinga. Mtoto mwenye upungufu wa chuma na kalisi hufyonza risasi nyingi zaidi. Uji wa wimbi, maziwa, hata yale ya mtindi tunayoita amabere amaruranu, omena, maharagwe, na mboga zetu za kienyeji zilizopandwa mahali safi, zote husaidia. Na mama mjamzito anayetamani kula udongo au mawe ya sokoni, aelezwe kwa upole aache, maana anaweza kumeza risasi moja kwa moja. Apelekwe kliniki apimwe damu.

MASWALI AMBAYO WATU HUULIZA

"Si nikichemsha vizuri sumu itakufa?" La. Moto huua vijidudu kwa sababu vina uhai. Risasi haina uhai. Ukichemsha mpaka mboga ziive mara tatu, risasi iliyo ndani ya jani itabaki chunguni. Kuosha huondoa ile iliyo juu ya jani tu.

"Basi tuache kula mboga?" Hapana, jamani. Kuacha mboga kungeleta magonjwa mengi zaidi. Tunachosema ni kupanda mahali panapofaa.

"Tumekula mboga za mahali hapo miaka miwili. Tufanye nini?" Acheni kuchuma hapo kwanza, bila kugombana. Mwambieni mhudumu wa afya ya jamii, na watoto wadogo pamoja na wajawazito waende hospitali. Waeleze wazi: "Tunashuku risasi." Daktari asipoambiwa anaweza asifikirie. Kipimo hicho cha damu hakifanywi kwenye zahanati ndogo, inabidi sampuli ipelekwe maabara kubwa. Msinunue dawa za "kusafisha damu" zinazouzwa sokoni. Na mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa hofu tu, aongee kwanza na daktari.

"Na fundi wa betri tumfukuze?" Yeye na watoto wake ndio wako hatarini kuliko sisi wote. Mketi naye. Betri zisifunguliwe wala kumwagwa, zipelekwe zikiwa nzima kwa wanunuzi wenye kibali. Kama mtu anakataa na anaendelea kuchafua, kuna ofisi ya NEMA katika kaunti, na Katiba yetu ya 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

TUREJEE KWA WALE AKINA MAMA

Kikundi chetu cha mfano kifanye nini sasa? Mboga zimeshaota, wateja wanangoja, na mwenye ploti alitoa kwa moyo mzuri. Ni vigumu kung'oa. Lakini watoto wa chekechea hawana njia ya kuuliza mboga zimetoka wapi. Wanakula walichopakuliwa na kusema asante. Kuuliza ni kazi yetu sisi tunaopakua.

Basi kikundi kiache kuuza kwa muda, kitafute mzee anayejua historia ya gereji hiyo, na kichange pesa za kipimo. Kipimo kikisema udongo ni safi, watapanda kwa amani na hata bei yao itakuwa na heshima sokoni. Kikisema ni mchafu, wamepoteza msimu mmoja wa mboga, na magunia ya kuanzia upya hayakosekani. Mmoja atakayelaumiwa kwa kuchelewesha kazi asivunjike moyo. Pale Gilgali pia, chakula kilikuwa kimeshapakuliwa, na watu walikuwa na njaa. Waliookoa wenzao ni wale waliosema kabla sahani haijaisha.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ploti yetu ya mboga ilikuwa na nini zamani? Ni nani kijijini anayejua?

2. Betri kuukuu za sola na za tochi tunazitupa wapi? Je, tunaweza kuwa na debe moja lenye kifuniko la kuziweka, mbali na watoto na jikoni?

3. Mboga za shule yetu zinatoka wapi? Nani amewahi kuuliza?

4. Majivu tunayotia shambani ni ya kuni au ya takataka?

5. Tutoe nani wawili wa kwenda kwa afisa wa kilimo kabla ya msimu ujao?